Moto wa Pili

Ijumaa mchana Enid Sugden alikuwa anamenya viazi kwenye sinki. Akainua macho, akaona mwanga wa rangi ya machungwa unacheza kwenye kioo cha banda la mumewe. Haukuwa mwanga wa taa. Haukuwa wa hita. Ameishi na mwanga huo tangu aolewe, anaujua hata kwenye ukungu: mle bandani shaba nyekundu ilikuwa inapikwa.

Akaweka kisu chini.

Kila mwanamke mtaani kwetu ana njia yake ya kujua mumewe anafanya nini. Wapo wanaopekua simu, wapo wanaonusa mashati. Enid anatazama dirisha la banda, basi. Akajifuta mikono kwenye aproni, akavuka ua, akaingia bila kubisha.

Norris alikuwa ameinama juu ya matofali yake, kofia iko kisogoni, miwani mbili puani, moja juu ya mwenzake, na mkononi bomba la moto linanguruma. Juu ya matofali kilikaa kitu cha duara kisichozidi kopo la maharage. Kilikuwa kinatoka kwenye wekundu kurudi kwenye weusi, polepole, kama mtu anayepoa hasira.

"Hilo tangi la Bev," Enid akasema, akimtaja binti yao.

"Ulidhani la nani?"

"Si lilishapimwa? Si lina muhuri?"

"Lina muhuri. Tena wa Leonard, alivyo mchoyo wa mihuri."

"Sasa linafanya nini motoni?"

Norris akazima moto. Banda likawa kimya ghafla, ukasikika ule mlio mdogo wa chuma kinapopoa. "Valvu ilikaa jirani na bomba la moshi. Bev kaona mwenyewe: ukitaka kuongeza gesi unaunguza vidole. Nimeziba tundu la zamani, nimetoboa jipya huku mwisho, nimelehemu. Kazi ya kikombe kimoja cha chai, na chai yenyewe sijaletewa."

"Umelehemu upya."

"Kwa fedha, mke wangu, si kwa risasi ya mabomba ya maji. Unanionaje?"

"Nakuona umevaa miwani mbili," Enid akasema.

Kwa asiyejua: boti za mvuke za klabu yetu, ndogo za kubebwa mkononi, zinachemsha maji kwa gesi, na gesi inakaa kwenye tangi dogo la shaba ndani ya boti. Gesi hiyo inasukuma kuta za tangi usiku na mchana. Ikipata joto, inasukuma zaidi. Ndiyo maana tangi halijazwi pomoni, linaachiwa nafasi juu gesi ipate pa kuvutia pumzi. Na ndiyo maana kabla halijaonja gesi, linajazwa maji na kusukumwa kwa pampu mpaka mara mbili ya presha ambayo litaiona maishani. Maji hayana hasira. Tangi bovu likipasuka na maji, linalia chozi tu. Likipasuka na gesi, wanaolia ni watu.

Na tangi likirudi motoni, hata kwa tundu moja, maungo yake yote, pale vipande vilipolehemiwa, yamerudi motoni. Ile fedha iliyoyeyushwa kuunganisha shaba inaweza kuwa imesogea. Muhuri haujui hayo. Umegongwa kwenye shaba, unabaki palepale unatabasamu. Norris mwenyewe ndiye aliyekuwa anawafundisha wageni wa klabu, kidole juu kama mchungaji wa kanisa: "Moto mpya, maji mapya!"

"Moto mpya, maji mapya," Enid akamkumbusha.

"Nimelitia kwenye ndoo. Nimelipiga upepo kwa pampu ya baiskeli. Halikutoa povu hata moja."

"Ndoo ni ya kutafuta pancha, Norris. Wewe ndiye uliyesema."

"Nimesema mengi."

"Lipeleke kwa Leonard."

Norris akachukua koleo, akalitumbukiza tangi kwenye asidi ya kusafishia, likazomea. 

Klabu ina wapimaji wawili, Norris Sugden na Leonard Ackroyd, na sheria ni kwamba hakuna anayepima kazi yake mwenyewe. Ya Norris anapima Leonard, ya Leonard anapima Norris, kama vinyozi wawili wa mji mmoja. Mpangilio huo ulikwenda vizuri mpaka mkutano wa majira ya baridi, pale Leonard alipoinua boila ya Norris mbele ya watu wote, akapitisha ukucha kwenye ungo moja, akasema kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo ya kifo: "Norris, hapa fedha haikuingia. Nadhani umefika wakati ukaonane na daktari wa macho." Watu walicheka. Hawakucheka vibaya, lakini walicheka. Tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa kutingisha vichwa, na tangi la Bev lilipopimwa mwezi Machi, ni Bev mwenyewe aliyelipeleka.

"Kesho asubuhi," Norris akasema mwishowe. "Kesho asubuhi nalipeleka. Umeridhika?"

"Nitaridhika kesho."

*

Bev alirudi jioni kutoka kazini, kwenye tanuri la mikate la duka kubwa kule barabarani, unga umemkaa kwenye nyusi. Hata koti hakuvua. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, kwenye kabati ambapo boti ilikaa juu ya taulo, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ya kijani, na ubavuni imeandikwa jina kwa herufi za dhahabu: ENID.

Mwanamke wa miaka arobaini na mbili, karudi chumba chake cha utotoni chenye karatasi za ukutani za farasi, kaachwa na mume aliyekwenda kuishi na mwalimu wa yoga. Majira yote ya baridi watu walimwonea huruma, nayo huruma ikizidi ni mzigo. Yeye akashinda bandani na baba yake, akichonga mbao, akikata shaba, akijiunguza. Jumapili hii ilikuwa siku ya wazi ya klabu. Ukitaka kuwa mwanachama kamili sharti boti yako uliyoitengeneza ipite bwawani mbele ya kamati, na kamati inakaa siku hiyo tu kwa mwaka. Kabla ya hapo wewe ni mwanachama wa kuosha vikombe.

"Baba! Umehamisha valvu?"

"Nimehamisha. Iko bandani inakauka."

"Sijui nikubusu?"

"Nawa uso kwanza, unafanana na andazi."

Bev akacheka. Enid alikuwa anakata pai ya nyama na viazi, akasikia kicheko hicho, kisu kikasita. Hakikuwa kimesikika nyumba ile siku nyingi.

"Si litahitaji kupimwa tena?" Bev akauliza mezani. "Leonard kaliona?"

"Kesho," Norris akasema, akajaza mdomo viazi.

"Mimi kesho niko kazini mpaka jioni, ningelipeleka mwenyewe. Baba, kama inakuwia vigumu, wewe na yule mzee..."

"Nani kakwambia vigumu? Mtu mzima hawezi kubisha mlango?"

"Tungenunua tu la dukani," Enid akasema.

"Pauni tisini!" Norris akaweka uma chini. "Pauni tisini kwa kopo! Na limelehemiwa na mashine isiyokujua hata jina!"

Bev akamkonyeza mama yake. Suala likaishia hapo.

*

Jumamosi Norris alitoka na tangi limefungwa kwenye taulo, ndani ya mfuko wa sokoni. Alipanda Mtaa wa Kanisa bila haraka. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. "Leonard, nimekuletea kitu." Hapana, hilo linaonyesha unyonge. "Leonard, Bev kaniomba nipitishe hiki." Hilo afadhali. Kisha akamsikia Leonard kichwani mwake, kwa sauti ileile: "Umelehemu mwenyewe, Norris? Umeona vizuri?"

Alifika kwenye geti. Waridi za Leonard zilikatwa sawasawa kama nywele za wanajeshi. Mapazia yalikuwa yamefungwa nusu. Norris akaweka mkono kwenye geti, akausoma mlango: wa bluu, kishikio cha shaba kinang'aa. Hatua chache tu za vigae.

Mwanamke wa nyumba ya pili akatoka na mbwa. "Unamtafuta Leonard, mpenzi?"

"Hapana, hapana. Nilikuwa napita."

Akapita kweli. Akashuka mpaka mferejini, akakaa kwenye benchi, akala pai ya nguruwe aliyoinunua njiani, na mfuko ukakaa pembeni yake kama mgonjwa anayesubiri zamu. Alilitoa tangi kwenye taulo. Akapitisha kidole kwenye ungo mpya, pande zote. Laini. Akavaa miwani ya pili, akalisogeza usoni mpaka karibu limguse pua. Fedha imezunguka yote, au ilionekana imezunguka yote. Mwanga wa majini ulikuwa unachezacheza. Amelehemu mabomba ya viwanda ya bonde hili tangu kijana, mabomba ambayo ungeweza kutembea ndani yake. Leo ahangaishwe na kopo?

"Liko sawa," akaliambia tangi. Bata mmoja akamjibu.

Nyumbani Enid alikuwa anamsubiri mlangoni, hata buti hakumwacha avue.

"Kapima?"

"Kapima."

"Alisemaje?"

Hapa ndipo Norris angeweza bado kurudi nyuma. Mlango ulikuwa wazi, Mtaa wa Kanisa ulikuwa palepale. Lakini akamwangalia mkewe alivyomkazia macho, akaona uongo mfupi hautatosha, akaunenepesha.

"Leonard husema nini siku zote? Alisema, 'Hm.'"

Enid akaangua kicheko, akajishika ubavu. "'Hm'! Na hakukukaribisha chai?"

"Alinikaribisha. Biskuti moja. Akaihesabu."

"Masikini Leonard," Enid akasema huku anafuta machozi ya kicheko, akambusu mumewe shavuni. "Najua haikuwa rahisi. Umefanya la maana."

Norris akavua buti, akachukua muda mrefu sana kufungua kamba.

*

Jumapili jua lilitoka kali, jambo ambalo kwetu huwafanya watu wavue hata vile visivyopaswa kuvuliwa. Bustani ilijaa. Kamba ilizungushwa kulizunguka bwawa, wageni na aiskrimu zao nje ya kamba, wanachama na boti zao ndani. Kwenye meza ya ukaguzi alikaa Cyril Outhwaite, mchinjaji mstaafu, mtani wa kila mtu. Akaligeuza tangi la Bev, akasoma namba kwenye muhuri, akaangalia cheti cha Machi, vikalingana. Akapiga tiki.

"Muhuri wa Leonard, siwezi kubishana nao. Haya Bev mpenzi, boti au birika?"

"Ikizama utajua ni birika, Cyril."

"Ikizama nitakuja kuogelea nikuletee, ila sharti nivue nguo."

"Basi naiombea isizame."

Wakacheka wote. Bev akapiga goti ukingoni, akaweka tangi mahali pake ndani ya boti, akafunga bomba. Akatoa kopo la gesi, akaligeuza juu chini, akaligandamiza kwenye valvu mpya. Gesi ikaingia ikinong'ona. Vidole vyake havikugusa bomba la moshi kabisa. Akainua uso, akamtafuta baba yake, akamwonyesha dole gumba.

Norris alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mifukoni. Akatoa mkono mmoja, akarudisha dole gumba. Jua lilimpiga kisogoni. Akatazama lile tangi linavyometameta kwenye jua hilohilo, karibu na boila itakayowashwa punde, akajikuta anasogeza mguu nyuma, kisha anaurudisha, kwa aibu.

Upande wa pili Enid alikuwa kwenye meza ya chai, birika kubwa mkononi. Leonard Ackroyd akaja, mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na bati la biskuti kwapani.

"Kwa ajili ya kamati," akasema, akaliweka mezani.

"Asante, Leonard. Na asante kwa jana."

"Jana?"

"Najua wewe na Norris hamjakaa vizuri. Lakini kumpimia, na chai juu yake..." Enid akashusha sauti. "Imemaanisha mengi kwetu."

Leonard akamtazama kama mtu anayesoma geji ya presha iliyokwama. "Enid, jana nilikuwa Scarborough, pwani, kwa dada yangu. Tangu Alhamisi. Nimerudi asubuhi hii, bado nina mchanga kwenye soksi."

Enid akaweka birika chini. Aliliweka taratibu sana, juu ya kitambaa, mdomo ukiangalia upande wa pili.

"Lilirudi motoni?" Leonard akauliza.

"Ijumaa."

"Liko wapi?"

Enid alishaondoka. Mwanamke wa miaka sabini na magoti mabovu, alikuwa anavuka nyasi kwa hatua ambazo hakuna aliyeziona tangu harusi yake. Bev alikuwa ameshika kiwashio.

"Bev. Usiwashe."

"Mama, jamani."

"Weka hicho kiwashio chini."

Vichwa vikageuka. Wajumbe wa kamati, wanne, kila mmoja na kofia yake nyeupe, wakaacha kuongea. Cyril akapaza sauti kutoka mezani kwake: "Enid, mwache binti! Ikimshinda si mikate ipo?" Kicheko kikapita kwenye kamba.

Uso wa Bev ukawa mwekundu. "Mama, watu wanaangalia. Nini?"

Enid hakumwangalia binti yake. Alimwangalia mumewe. "Norris. Mwambie."

 Norris ndiye aliyekuwa na neno. Lingetoka, lingekuwa neno dogo tu, si zito kuliko chakula anachotema mtu mdomoni. Akaitazama kamati. Akawatazama watu wa aiskrimu. Akatabasamu.

"Mama yako ana wasiwasi tu, Bev. Siku hizi kila moto unamtisha. Juzi kainuka kitandani mara tatu kwenda kuangalia jiko."

Watu wakacheka tena, na safari hii walicheka kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma Enid. Mke wa mjumbe mmoja akamshika kiwiko: "Njoo ukae kivulini, mpenzi." Enid alisimama katikati ya nyasi na aproni yake ya chai, amegeuzwa bibi kizee anayeota mioto.   Bev akatikisa kichwa, akarudi kupiga goti, kidole kikarudi kwenye kiwashio.

"Norris." Ilikuwa sauti ya Leonard. Hakuwa amekimbia, Leonard hakimbii. Lakini alikuwa amefika. "Hebu nikumbushe. Jana mimi nilikuwa wapi?"

Hakuna aliyecheka.

Kidole cha Bev kikatoka kwenye kiwashio. Akageuka, bado yuko magotini. "Baba?"

"Nililipima," Norris akasema. "Nililitia kwenye ndoo."

"Na kwa Leonard?"

"Hakuwepo nyumbani."

Hilo lilikuwa kweli tupu, nalo lilikuwa uongo mtupu. Enid akamsogelea.

"Ulisema kasema 'Hm,'" akasema. "Ulisema kakuhesabia biskuti. Nilicheka, Norris. Nilikubusu."

*

Leonard alizima bwawa zima. Kila boti ikarudishwa ukingoni, kila moto ukazimwa, kila sigara ikakanyagwa. Kamba ikasogezwa nyuma, wazazi wakiwavuta watoto, watu wakiulizana kuna nini. Leonard mwenyewe alilichomoa tangi kwenye boti kwa mikono miwili, akalipeleka mbali, upande upepo unakoelekea, akafungua valvu. Gesi ikatoka ikipiga mluzi, na kwa baridi yake shaba ikaota theluji nyeupe kwenye jua la mchana.

"Boti nayo isogezeni pale," akasema. "Gesi hii haipandi. Inatambaa, inatafuta shimo la kulala, na ndani ya boti ni shimo zuri."

Pampu ilikuwa kwenye gari lake. Iko kwenye gari lake kila siku, hata Scarborough ilikwenda. Akaifunga kwenye meza ya Cyril, akalijaza tangi maji mpaka yakafurika, akaligongagonga kwa ukucha mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kikatoka. Akakaza nati. Akashika mpini.

"Nipe mimi," Bev akasema.

"Ni kazi ya mpimaji."

"Wewe soma geji. Mpini nipe mimi. Boti ni yangu."

Leonard akamtazama, akasogea.

Bev akasukuma. Mshale ukaamka. Akasukuma tena, mshale ukapanda taratibu, na mpini ukaanza kuwa mzito. Enid alikuwa upande mmoja wa meza, Norris upande wa pili, na kati yao lile kopo la shaba, limekauka kwa nje, kila mtu akilikodolea macho alione linalia. Mshale ukapita alama ya kwanza, presha ya siku ya baridi. Ukapita ya pili, ya siku ya joto kali na mwenye boti mzembe.

"Endelea," Leonard akasema.

 Cyril alikuwa amevua kofia bila kujijua. Mshale ukafika kwenye mstari mwekundu, mara mbili ya yote, na Leonard akainua mkono.

"Shikilia hapo."

Akatoa lenzi mfukoni, akainama. Akaanza na ungo mpya, polepole, akiuzunguka. Kisha tundu lililozibwa. Kisha maungo ya zamani, moja moja. Akapitisha karatasi ya chooni nyeupe kwenye kila ungo, akaiangalia kwenye mwanga. Kavu. Akarudia. Kavu. Akatazama mshale: haujasogea unywele.

Akainuka, mgongo ukalia. "Limeshika," akasema. "Fedha imeingia kote. Ni kazi safi."

Pumzi zikatoka kwa watu kama gesi kwenye valvu. Mtu akapiga makofi. Norris akapata rangi usoni, akanyoosha mabega, akageuka kwa Bev, kwa kamati, kwa dunia nzima.

"Si niliwaambia? Si nilisema liko sawa? Leonard kasema mwenyewe, mmemsikia. Kazi safi!"

Bev alikuwa anafungua presha kidogokidogo, mshale unashuka. Hakuinua uso mpaka ulipofika sifuri.

"Hukujua, baba."

"Nilijua vizuri sana! Mimi nimelehemu tangu..."

"Ulitumaini. Kama nilivyotumaini mimi, na mimi nina mwaka mmoja tu kwenye hii kazi." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuwa nimeinamisha uso juu yake. Mama alikuja kunitoa, ukawachekesha watu juu yake."

 Norris akamtazama Enid, akidhani labda pale atapata mlango. Enid alikuwa anakunja aproni yake, mara moja, mara mbili, mpaka ikawa kipande kidogo.

Leonard akatoa nyundo na chapa. Akaweka alama mpya kando ya ile ya Machi, na kila pigo lilisikika mpaka kwenye kamba. Hakusema neno kwa Norris. Angeweza kusema, sisi wote tulilisubiri. Akafuta chapa yake kwa kitambaa, akairudisha kwenye kisanduku, akaenda kuwaomba kamati wasubiri tangi likauke.

Walilikausha kwa hewa na kwa jua, na Bev akalirudisha mahali pake ndani ya boti. Kabla hajashika kopo la gesi akasimama.

"Baba. Ukingoni ni kwa wenye kazi tu."

"Bev, mwanangu, mimi ndiye niliyetengeneza..."

"Najua. Kasimame kule nyuma."

Umbali haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa na macho mengi. Cyril alipata shughuli ghafla kwenye makaratasi yake. Enid alitangulia, akaishika kamba, akaiinua.

"Inama," akamwambia mumewe.

Akainama, mgongo ukimuuma, akapita. Enid akaiachia kamba ishuke katikati yao, akarudi kwenye birika lake.

Norris akajikuta kati ya gari la mtoto na kijana mmoja mwenye aiskrimu inayomchuruzikia mkononi. Kutoka pale hakuona mikono ya Bev, aliona mgongo tu, umeinama. Akasikia moto ukishika, ule mguno mdogo. Mvuke ukaanza kuchungulia kwenye bomba. Kisha ENID ikaachana na ukingo, ya kijani kwenye maji ya kahawia, ikajikata njia yake katikati ya bata, na bwawa zima likapiga makofi.

Kijana wa aiskrimu akamgeukia. Ni swali ambalo Norris ameulizwa kila siku ya wazi, na jibu lake lilikuwa maarufu: nusu saa, mikono hewani, hadithi za viwandani ndani yake.

"Samahani mzee, hivi vitu si vina gesi ndani? Haviwezi kulipuka?"

Norris akatazama boti inavyogeuka mwisho wa bwawa, na mwanamke ukingoni anayetembea nayo sambamba.

"Muulize mwenye boti," akasema.